KIHA, KIRUNDI NA DARASA LA KWANZA

Katika mitihani ya PASEC ya mwaka 2014, watoto wa darasa la pili wa Burundi walikuwa wa kwanza kwa kusoma na kwa hesabu miongoni mwa nchi 10 za Afrika zitumiazo Kifaransa, wakazipita Senegali na Kameruni zenye mali zaidi. Walifundishwa na kutahiniwa kwa Kirundi, lugha ya mama zao.

Huku Kibondo na Kasulu, ng'ambo ya mpaka, Kiha ni ndugu wa Kirundi. Lakini mtoto wetu huanza kwa Kiswahili, ambacho wengi hukikuta shuleni, na afikapo sekondari hukabidhiwa Kiingereza. Kiswahili hatukikatai hata kidogo, ndicho kilichotuunganisha. Twauliza tu: kwa nini mwalimu ajuaye Kiha aogope kukitumia, hali mtoto angali akihangaika na herufi?