Mpango kwanza, kiti baadaye

Kiti cha magurudumu cha mtu mzima hakimfai mtoto wa miaka mitatu, hata kikiwa kipya na kimetolewa bure. Akiketishwa humo huteleza mbele, mgongo hupinda, miguu huning'inia. Baada ya miezi kadhaa uti wa mgongo huzoea kupinda, na ngozi ya makalio huchubuka hadi kuwa kidonda. Tena njia za Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni za matope wakati wa mvua na mchanga wakati wa kiangazi. Magurudumu madogo ya mbele hukwama uani, kabla hata ya kufika barabarani. Mwishowe kiti huwekewa magunia ya mpunga na mtoto hurudi mkekani.

Aliyetoa kiti hakuwa na nia mbaya, wala mama hakupuuza. Kilichokosekana ni karatasi moja, ambayo ilipaswa kuandikwa kabla kiti hakijatafutwa: mtoto huyu anaweza nini leo, familia inataka aweze nini, nyumba yao ikoje, na nani anabaki naye wengine wakienda shamba. Huo ndio mpango wa mtoto binafsi. Kusini mwa Maniema, ambako mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni adimu na vifaa vya kutoka ng'ambo huwafikia wachache, mpango huo ndio kifaa cha kwanza. Vingine vyote huamuliwa nao.

Neno "mlemavu" halitoshi

Ulemavu una vyanzo vingi, na kila kimoja kina kifaa chake. Mwaka 2017 watoto wawili wa zoni ya afya ya Kunda, Maniema, walithibitishwa kupooza kwa virusi vya polio vilivyotokana na chanjo, aina ya pili. Virusi hivyo huibuka pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Mtoto wa polio hunyauka mguu, lakini hisia na akili yake hubaki salama. Anayemfaa ni fundi wa kumtengenezea chuma cha kushikilia mguu na mkongojo wa kimo chake, kisha nafasi shuleni kama wenzake.

Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliyepata manjano kali ya uchanga bila kutibiwa, au aliyepona malaria ya ubongo, anaweza kubaki na utindio wa ubongo. Huyu misuli yake hukakamaa au hulegea, kichwa hakisimami, kumeza kunamshinda. Mkongojo haumsaidii, anahitaji kiti kinachomshika wima.

Naye mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda kwa ndani hahitaji kiti wala mkongojo. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, mguu hunyooshwa polepole na kufungwa plasta mpya kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Mara nyingi hufuata mkato mdogo wa kano ya kisigino, kisha viatu maalumu vya kulalia hadi umri wa miaka minne hivi. Akifikishwa kwa aliyefunzwa kazi hiyo katika wiki za kwanza, atatembea. Akicheleweshwa, matibabu huwa marefu na magumu zaidi.

Karatasi inaandikwaje

Kazi huanza nyumbani kwa mtoto. Muuguzi, au relé wa kijiji (mhudumu wa afya wa jamii), anamwomba mama aeleze siku yao tangu asubuhi: kuoga, kula, kwenda shamba, kucheza, kulala. Kisha anauliza ni saa ipi inayowachosha zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu familia itafanya kwa moyo jambo inalolitaka yenyewe.

Lengo liandikwe kwa maneno yanayoonekana kwa macho. "Apate nafuu" si lengo, kwa kuwa hakuna atakayejua limetimia lini. Tuseme mtoto ana miaka minne na ana utindio wa ubongo. Lengo lake linaweza kuwa hivi: "Mavuno ya mpunga yakifika, atakula uji akiwa ameketi wima, dada yake hamshiki, tangu mwanzo wa mlo hadi mwisho." Chini yake yaandikwe majina ya wahusika, kazi ya kila mmoja, na tarehe ya kupima upya.

Baada ya hapo aitwe seremala. Vipimo vitatu vinamtosha: upana wa nyonga, urefu kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, ukipunguza vidole viwili, na urefu kutoka goti hadi kisigino. Nyonga, goti na kifundo cha mguu vikae katika pembe mraba, na nyayo zifike kwenye ubao wa chini. Meza ndogo mbele humpa pa kuegemeza mikono. Mbao zikiwa ghali, kuna ufundi ulioenezwa Zimbabwe na mwalimu Bevill Packer: makatoni hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga uliopikwa, hukaushwa juani, kisha hupakwa rangi. Kiti cha namna hiyo humbeba mtoto bila shida. Adui yake ni unyevu, kwa hiyo kisilale nje.

Hata kiti kizuri hakifai bila mwenye kukitumia vizuri. Mtoto mwenye shida ya kumeza asilishwe akiwa amelala chali wala kichwa kikiwa kimeinuliwa nyuma. Kidevu kishuke kidogo, uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo. Akikohoa kila mlo, apelekwe kituoni. Na kwa sababu watoto hawa wanakua, vipimo virudiwe kila baada ya miezi michache.

Asiyeweza kusema naye ana kifaa chake: ubao wenye picha za maji, chakula, choo, maumivu, mchezo, ndiyo na hapana. Anaonyesha kwa mkono au kwa macho. Kinachomshinda mtu mzima hapa ni kusubiri. Ahesabu polepole hadi kumi kabla ya kumjibia.

Siku ya kukimbia

Kabambare ina jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya havilifikirii. Huko Salamabila na pembeni mwake, mapigano yamekwisha kuwatoa watu makwao zaidi ya mara moja. Familia inayokimbia haibebi kiti. Kwa hiyo mpango useme mapema kitakachobebwa. Karatasi yenyewe ikae kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya chanjo. Dawa ya kifafa isisahaulike, maana kuikatiza ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma. Mtoto mdogo ambaye miguu yake hukakamaa na kupishana kama mkasi, abebwe mgongoni kwa kitenge huku mapaja yamepanuliwa kiunoni mwa mama. Ubebaji huo humlegeza nyonga njiani.

Pa kuanzia

Sheria ipo. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, elimu ya msingi ya serikali ikatangazwa bure mwaka 2019, na sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu ikatiwa saini tarehe 3 Mei 2022. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza mwenye msongamano wa wanafunzi hatajua mtoto huyu aketi wapi na aende choo vipi, mpaka akabidhiwe karatasi inayomweleza.

Kasongo si mgeni katika kazi ya kumfuatilia mtoto mmoja mmoja. Mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa huko na wahudumu wa afya pamoja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35. Chanjo hiyo bado hutolewa mtoto akiwa na miezi tisa, umri ambao karibu watoto wote wenye afya njema wameshaketi bila kushikwa. Siku ya chanjo hiyo muuguzi anaweza kuongeza maswali matatu: anaketi mwenyewe? Anageukia sauti? Anafuata kitu kwa macho? Jibu moja la hapana halitoshi kumwita mtoto mlemavu. Linatosha kumpangia tarehe ya kurudi baada ya wiki nne, na kumtuma relé afike kwao kabla ya hapo.