Kifua kinapokuwa mzigo

Msomaji, ukipita Majengo alfajiri utawakuta akina mama wameinamia makarai ya mafuta wakipika mahamri. Huenda miongoni mwao yumo mmoja ambaye kila baada ya dakika chache hujinyoosha, akashika kiuno, akavuta kamba za sidiria zilizomkata mabegani. Ukimuuliza, atakuambia ni uchovu. Majirani nao humtania kwamba Mungu amemjalia.

Je, umewahi kufikiri kwamba kifua hicho wanachokisifu ndicho kinachomuumiza?

Matiti makubwa kupita kiasi huvuta shingo na mabega siku nzima. Mgongo huuma, kamba huacha mifereji mabegani, na jasho chini ya matiti huleta vipele visivyokwisha. Kupata sidiria ya kutosha ni kazi nyingine: unaweza kupekua mitumba ya Gikomba asubuhi nzima na urudi mikono mitupu. Msichana wa shule naye hukwepa michezo, huvaa sweta juani, na hutembea ameinama ili makanga wasimpigie miluzi.

Upasuaji wa kupunguza matiti upo. Wengi hudhani ni mambo ya warembo wenye pesa, au kwamba titi lote hukatwa kama afanyiwavyo mgonjwa wa saratani. Sivyo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, daktari akaondoa sehemu ya mafuta, ngozi na nyama ya titi, kisha akaipandisha chuchu. Kinachotolewa huweza kufika nusu kilo au zaidi kila upande. Hebu fikiria kubeba pakiti mbili za sukari kifuani tangu ujana!

Mwaka wa 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa dawa za maumivu, mazoezi, sidiria maalumu na kupunguza uzito havikuwapa wanawake hawa nafuu ya kudumu. Upasuaji uliwapa. Tangu 2009 madaktari pia wanayo orodha ya maswali iitwayo BREAST-Q. Humuuliza mgonjwa mwenyewe kuhusu maumivu, kujiamini, hata maisha yake ya ndoa. Aghalabu majibu ya baada ya upasuaji huwa mazuri kuliko ya awali.

Hata hivyo, dada, usiharakishe. Makovu yatabaki, na ngozi nyeusi hupata makovu manene kwa urahisi. Chuchu inaweza kufa ganzi. Wanaovuta sigara hukawia kupona. Zito zaidi ni kunyonyesha: wengine hunyonyesha vizuri, wengine hukosa maziwa ya kutosha. Hilo si dogo katika mtaa ulio karibu na Hospitali ya Pumwani, iliyopokea watoto tangu 1926. Isitoshe, mimba inaweza kuyakuza tena. Kwa hivyo msichana ambaye matiti yake bado yanakua angoje, na anayetarajia kuzaa karibuni azungumze na daktari kwanza.

Hakikisha pia kwamba mpasuaji huyo amesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Muulize makovu yatakaa wapi, na kama nyama itakayotolewa itapimwa saratani.

Kisha zungumza na watu wa nyumbani. Kwa wiki kadhaa hutainua mtungi wa maji wala karai, na ni vyema ijulikane mapema nani atapika mahamri.