Je, Wajua? Punguza Mafuta, Linda Misuli

Anayetaka kupunguza uzito mara nyingi huanza na mambo mawili: kupunguza chakula na kukimbia asubuhi. Yote mawili yanafaa. La tatu, kunyanyua vyuma, wengi huwaachia vijana wa jimu. Soma haya kabla hujapanda tena kwenye mizani.

Je, wajua kwamba anayepungua kwa kujinyima chakula peke yake hapotezi mafuta tu? Katika kila kilo 4 zinazoondoka, karibu kilo 1 huwa si mafuta, na misuli imo humo. Misuli inayotumika kubeba mizigo ndiyo mwili huibakiza.

Je, wajua kwamba jambo hilo limepimwa? Mwaka 2017, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wazee 160 wa Marekani wenye unene uliokithiri. Makundi yote yaliyochanganya mlo na mazoezi yalipungua takribani asilimia 9 ya uzito. Waliofanya mazoezi ya pumzi pekee, yaani yale ya aina ya kutembea haraka, walipoteza asilimia 5 ya tishu zisizo mafuta. Walionyanyua uzito walipoteza asilimia 2. Waliochanganya aina zote mbili ndio waliopata nafuu kubwa zaidi katika kutembea, kuinuka na kupanda ngazi.

Je, wajua mafuta yakiisha mwilini huenda wapi? Hayageuki misuli, wala hayatoki kwa jasho pekee. Kilo 10 za mafuta zikishaunguzwa, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni dioksidi, na kilo 1.6 hubaki kuwa maji yanayotoka kwa mkojo, jasho na njia nyingine.

Je, wajua kwamba huwezi kuchagua mafuta yatoke wapi? Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanaume waliofanya mazoezi ya tumbo mara 5,004 kwa siku 27. Chembe za mafuta zilipungua ukubwa tumboni, mgongoni na kwenye makalio kwa kiwango kinachofanana. Kitambi huondoka pale mafuta ya mwili mzima yanapopungua.

Je, wajua kwamba misuli haiunguzi kalori nyingi kama inavyodaiwa mitaani? Ukiwa umepumzika, kilo moja ya misuli hutumia takribani kalori 13 kwa siku, na kilo moja ya mafuta 4 au 5. Ni tofauti halisi, ila ni ndogo. Anayekuahidi kwamba kilo mbili za misuli zitakuruhusu kula utakavyo anakupoteza.

Je, wajua kwamba kwa kuunguza mafuta moja kwa moja, mbio na kutembea haraka hushinda vyuma? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha hivyo: waliokimbia walipoteza mafuta zaidi, walionyanyua waliongeza misuli. Kwa hiyo usiviache viatu vya mbio. Chakula na mbio hupunguza, vyuma hulinda.

Je, wajua kwamba mizani inaweza kukuficha mafanikio yako? Misuli ni mizito kuliko mafuta kwa ujazo uleule, hivyo kiuno chaweza kupungua huku kilo zikibaki palepale. Tumia utepe wa fundi cherehani. Kwa vipimo vinavyotumiwa sana, kiuno kinachozidi sentimita 102 kwa mwanamume au 88 kwa mwanamke huashiria hatari kubwa ya maradhi ya moyo na kisukari.

Je, wajua kwamba misuli ndiyo ghala kuu la sukari mwilini? Baada ya mlo, insulini huisukuma sehemu kubwa ya sukari ya damu iingie kwenye misuli. Misuli inayofanya kazi huifyonza sukari hata insulini ikiwa haba. Ndiyo maana madaktari huwashauri wenye kisukari cha aina ya pili kufanya pia mazoezi ya nguvu.

Je, wajua kwamba kukosa usingizi hula misuli? Mwaka 2010 watafiti wa Chicago waliwapa watu wanene mlo uleule wa kupunguza uzito, kwanza wakiwa na saa 8.5 za kulala, kisha 5.5, au kinyume chake. Walipolala kidogo, sehemu ya mafuta katika uzito walioupoteza ilishuka kwa asilimia 55, na upotevu wa tishu zisizo mafuta ukapanda kwa asilimia 60.

Je, wajua kwamba protini ni mshirika wa vyuma? Mwaka 2016 watafiti wa Canada waliwapunguzia vijana 40 chakula sana kwa wiki 4 huku wakiwafanyisha mazoezi makali. Waliokula gramu 2.4 za protini kwa kila kilo ya uzito wao walipoteza kilo 4.8 za mafuta, na bado wakaongeza kilo 1.2 za tishu zisizo mafuta. Waliokula nusu ya protini hiyo walipoteza kilo 3.5 za mafuta, na misuli yao haikuongezeka.

Je, wajua kwamba protini hiyo haihitaji makopo ya unga wa bei kali? Yai moja lina gramu 6 hivi. Maharage makavu yana takribani gramu 20 katika kila gramu 100. Dagaa wakavu huvizidi vyote viwili. Ongeza kunde, choroko na karanga, kisha punguza tonge la ugali na mafuta ya kukaangia.

Je, wajua kwamba mwanamke hatageuka baunsa kwa kunyanyua uzito? Mwanamume mzima ana homoni ya testosteroni zaidi ya mara 10 ya mwanamke. Anachovuna mama ni nguvu, umbo lililokaza na mifupa imara. Huko Australia, wanawake waliokoma hedhi na wenye mifupa dhaifu walinyanyua uzito mkubwa chini ya uangalizi, nusu saa mara mbili kwa wiki, kwa miezi 8. Uzito wa mifupa ya uti wa mgongo wao uliongezeka kwa asilimia 2.9, wa wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ulishuka.

Je, wajua kwamba hakuna aliyechelewa? Mwaka 1990 madaktari wa Boston waliwapa mazoezi ya miguu wazee wa miaka 86 hadi 96. Tisa waliomaliza wiki 8 waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174.

Je, wajua kwamba nguvu za wiki za mwanzo hutoka zaidi kwenye neva kuliko kwenye misuli? Ubongo hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi kwa pamoja. Usikate tamaa ukiona mkono haujanenepa; unajengeka.

Je, wajua kwamba kuongeza uzito hatua kwa hatua kulienezwa na daktari wa jeshi? Thomas DeLorme aliwatibu askari wa Marekani waliojeruhiwa katika Vita Kuu ya Pili kwa kuwanyanyulisha uzito uliopandishwa kadiri walivyopata nguvu. Alichapisha njia yake mwaka 1945. Kanuni haijabadilika: ukizoea, ongeza.

Je, wajua kwamba vifaa unavyo nyumbani? Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 za maji. Makopo mawili yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba yamewatosha vijana wengi wa mitaani kwetu. Pushapu na kuchuchumaa kisha kusimama havigharimu kitu. Hata uzito mdogo hujenga misuli ukiunyanyua mpaka misuli ichoke kabisa.

Je, wajua kwamba kubana pumzi unaponyanyua hupandisha sana shinikizo la damu? Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ujauzito aanze kwa daktari wake.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu kwa misuli yote mikuu angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani ya pumzi? Siku mbili tu. Chagua zako leo, zipe saa maalumu, na umwite jirani au mwenzi wako mfanye pamoja.