Kishikio cha Gia na Giaboksi: Urekebishaji wa Viungo vya Gia katika Gari la Kale la Otomatiki

1. Utangulizi

Katika gari lenye giaboksi ya otomatiki, mkono wa dereva hauigusi giaboksi yenyewe. Dereva husogeza kishikio. Kishikio husukuma fimbo ya chuma iliyo chini ya sakafu. Fimbo nayo huzungusha wenzo mdogo ulio ubavuni mwa giaboksi. Mfuatano huo wa vipande ndio unaoitwa hapa viungo vya gia. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya viungo hivyo, sababu za kuharibika kwake, na njia ya kuvirekebisha. Mfano uliochaguliwa ni gari la Kimarekani Ford Mustang la miaka ya 1967 hadi 1973, lile lililofungwa giaboksi ya aina ya C4 na lenye kishikio kati ya viti viwili vya mbele.

Ni vema kutaja mapema kwamba mafundi wa Kongo wamepokea majina mengi ya vipande vya gari kutoka Kifaransa, na wenzao wa Afrika Mashariki kutoka Kiingereza. Kwa sababu hiyo, kila kipande kitaelezwa kwa kazi yake, ili msomaji akitambue kwa jina lolote alilolizoea.

2. Kazi ya viungo vya gia

Giaboksi ya C4 ina gia tatu za kwenda mbele. Kishikio chake kina vituo sita: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya kulegeza, D ya mwendo wa kawaida, kisha 2 na 1 kwa miteremko na mwendo wa polepole. Ndani ya giaboksi, wenzo huisogeza vali inayoelekeza mafuta yenye shinikizo kwenye klachi na kanda zinazozishika gia. Kila kituo kina kishimo chake, na wenzo unapokifikia husikika ukitua.

Kituo cha P hakitegemei mafuta. Hapo ulimi wa chuma huingia kati ya meno ya gurudumu lililo kwenye mhimili wa kutokea, na magurudumu ya nyuma ya gari hufungwa. Ulimi huo ama umeingia ama haujaingia. Ukiegemea ncha ya jino bila kuzama, gari halijafungwa.

Hivyo basi, herufi anayoiona dereva ni habari tu aliyoletewa na viungo. Viungo vikilegea, kishikio kinaweza kusimama kwenye P hali giaboksi iko kati ya P na R.

3. Mpangilio wa herufi na usalama

Mpangilio huo haukupatikana mara moja. Giaboksi ya Hydra-Matic, iliyoanza kuuzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940, haikuwa na P. Dereva alizima injini na kuliacha gari kwenye R. Baadaye kanuni ya usalama ya Marekani namba 102, iliyoanza kutumika Januari 1968, iliagiza kwamba N iwe kati ya gia za mbele na ya nyuma, kwamba P, ikiwapo, iwe mwishoni karibu na R, na kwamba injini isiweze kuwashwa kishikio kikiwa kwenye gia ya kwenda mbele au ya kurudi nyuma.

Hata hivyo, ujirani wa P na R ulizua mgogoro mkubwa. Katika miaka ya 1970 yalitolewa malalamiko mengi kwamba magari ya Ford yaliyoachwa kwenye P, injini ikiunguruma, yalirudi nyuma yenyewe. Kampuni ilishikilia kwamba madereva hawakukifikisha kishikio mahali pake. Mwishoni mwa mwaka wa 1980 serikali ya Marekani na kampuni hiyo zilikubaliana kwamba wenye magari wapatao milioni 23 wapelekewe vibandiko vya onyo. Mzozo huo ulikuwa mpana kuliko suala la viungo vilivyochakaa, lakini ulidhihirisha jinsi hatua ndogo ya kishikio inavyoweza kugharimu maisha ya mtu.

4. Sababu na dalili za kuharibika

Kwenye maungio ya fimbo huwekwa bushi laini, za mpira au plastiki, ili chuma kisisuguane na chuma. Joto, mafuta na miaka huzikausha mpaka zikapasuka. Aidha, mipira inayobeba injini na giaboksi ikikatika, giaboksi huhama kidogo, na kipimo cha fimbo hupotea ingawa fimbo yenyewe ni nzima.

Dalili ni hizi: kishikio kuchezacheza, herufi kutolingana na mwendo, injini kukataa kuwaka kwenye P lakini kuwaka kishikio kikisukumwa kidogo, na gari kuchelewa kushika gia. Dalili hii ya mwisho isipuuzwe. Vali isipofika mahali pake, shinikizo la mafuta kwenye klachi hupungua, klachi huteleza, na hatimaye huungua. Kwa njia hiyo bushi ya bei ndogo huangamiza giaboksi nzima.

Wako wanaoridhika kuusogeza mshale wa kuonyesha herufi ili ulingane na kishikio. Kufanya hivyo ni kuficha kosa, si kuliondoa.

5. Utaratibu wa kurekebisha

Kwanza ni usalama. Kazi hii hulazimu giaboksi itolewe kwenye P, na papo hapo magurudumu hufunguka. Kwa hiyo gari liwekwe mahali tambarare, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe kabari mbele na nyuma. Gari likiinuliwa, liegemezwe juu ya vigoda imara vya chuma. Jeki peke yake haitoshi.

Pili ni uchunguzi. Msaidizi akisogeza kishikio polepole, fundi aliye chini atazame ni wapi mwendo unapotea. Kishikio kikienda kabla ya wenzo kutikisika, bushi zimekwisha. Mipira ya injini na giaboksi ichunguzwe pia, na ikiwa imekatika ibadilishwe kabla ya kupima fimbo.

Tatu ni kubadilisha bushi. Vibanio huondolewa, bushi za zamani hutolewa, na mpya hulainishwa kwa maji ya moto ili ziingie bila kupasuka.

Nne ni kupima. Kishikio huwekwa kwenye D na kushikiliwa dhidi ya kizuizi chake. Nati inayoifunga fimbo hulegezwa. Kisha wenzo wa giaboksi, ukiwa huru, hupelekwa mpaka mwisho wa upande wa 1, na kutoka hapo huhesabiwa vituo: 1, 2, D. Kituo cha tatu ndicho D. Wenzo ukiwa umetua hapo, nati hukazwa bila kuisukuma wala kuivuta fimbo. Giaboksi ndiyo inayotoa kipimo, kishikio hukifuata.

Tano ni majaribio. Vituo vyote sita vipitiwe, na kila kimoja kisikike kikitua. Mtu asiwe chini ya gari wala mbele au nyuma yake wakati injini inapojaribiwa kuwashwa. Breki ikiwa imekanyagwa, stata ikubali kwenye P na N tu. Swichi ya stata ina marekebisho yake, nayo hufanywa baada ya fimbo kupimwa, si kabla. Mwishoni, gari lijaribiwe kwenye mteremko mdogo likiwa kwenye P, mguu ukiwa tayari juu ya breki.

6. Hitimisho

Ni dhahiri kwamba ubovu wa viungo vya gia, ingawa huonekana mdogo, hugusa mambo mawili makubwa: uhai wa giaboksi na uhai wa watu. Marekebisho yake hayahitaji mashine wala gharama kubwa, bali utaratibu: kuanzia kwenye giaboksi na kumalizia kwenye kishikio. Hata baada ya kazi kukamilika, P isiachiwe gari peke yake. Breki ya mkono ivutwe na injini izimwe kila dereva anaposhuka.