Kabla Hujamshuku Mwenzako, Itafute Folda

Je, umewahi kuona daftari la kikundi likipotea? Sisi akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Msimbati tulipotelewa na daftari lililokuwa ndani ya kompyuta, nusura tupotelewe na mwenzetu pia.

Katibu wetu anakaa hapa kijijini, karibu na maingilio ya Mto Ruvuma. Mweka hazina anakaa Mtwara mjini. Kwa hiyo tuliamua kutunza hesabu katika wingu, yaani ghala la mafaili lililoko kwenye intaneti. Katibu akiandika marejesho katika kompyuta, mweka hazina anayaona katika simu yake.

Siku ya kugawana ilipofika, hesabu hazikulingana. Kule mjini, marejesho ya miezi mitatu hayakuonekana kabisa. Minong'ono ikaanza kwamba fedha zimeliwa. Katibu, mama mwenye wajukuu, alilia mbele yetu akisema ameandika kila shilingi.

Ndipo akaingia kijana wa mmoja wetu aliyekuwa likizo.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu."

Alipoelezwa, aliuliza jambo moja tu: "Mama, folda unayoandikia ndiyo ile inayopelekwa kwenye wingu?"

Tukatazamana. Kumbe miezi mitatu nyuma kompyuta ilikwenda kwa fundi. Programu ilipowekwa upya, ilipewa folda mpya katika diski D. Folda ya zamani ilibaki katika diski C, na katibu akaendelea kuandika humo. Alikuwa kama msafiri anayengoja kivuko kwenye gati ya zamani: mzigo upo, lakini chombo hakipiti tena pale.

Utaijuaje folda iliyo hai?

Kwanza, usikisie. Bofya alama ya programu iliyo chini ya kioo, karibu na saa, kisha fungua mipangilio. Katika Dropbox, sehemu ya ulinganishaji wa mafaili huonyesha mahali folda ilipo. Folda ya OneDrive kwa kawaida hukaa ndani ya folda yenye jina la mtumiaji, katika diski C. Google Drive huonekana kama diski ya peke yake, mara nyingi kwa herufi G.

Pili, fanya jaribio. Tengeneza faili dogo ndani ya folda hiyo, kisha litazame katika simu. Likifika, umepata folda yenyewe. Lisipofika, angalia kwanza kama intaneti ipo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchini kote. Siku kama hiyo folda haina kosa.

Tatu, nakili mafaili kutoka folda ya zamani. Usiyahamishe wala kuyafuta. Yakiwepo mawili yenye jina moja, lipe moja jina jingine kwanza, ili jipya lisifunikwe na la zamani. Ngoja mpaka yote yafike, ndipo folda ya zamani uibadilishe jina, mtu asiandike humo tena.

Kumbuka pia kwamba ukifuta faili katika folda iliyo hai, linafutika na kwa wenzako. Ukiwahi utalikuta katika pipa la taka la wingu. Kwa Google Drive hukaa humo siku 30 tu.

Jioni ile hesabu zilifika mjini, na kila shilingi ilionekana. Tulimwomba katibu radhi, mmoja mmoja. Alitusamehe, lakini alisema neno ambalo hatulisahau: "Mngeniuliza nilikoandika, kabla ya kuniuliza nilikopeleka."

Tangu siku hiyo mahali pa folda pameandikwa kwa kalamu ndani ya jalada la daftari letu la karatasi. Na kompyuta ikitoka kwa fundi, jaribio hufanywa kwanza.