Mashua ya Simiti na Tangi la Maji: Siri ni Moja



Ukitupa jiwe katika Bwawa la Nairobi hapo chini ya Kibera, litazama. Basi mtu akikuambia kuna mashua ya simiti, utadhani anakudanganya. Lakini ni kweli. Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliitengeneza mwaka 1848, akaionyesha Paris mwaka 1855. Sisi wa Kibera na Kawangware hatujengi mashua, ila tukichanga pesa za tangi la maji ya mvua, kazi ni ile ile, na makosa ni yale yale.

Mashua huelea kama maji inayoyasukuma kando yana uzito sawa na wake. Kwa hivyo ukuta lazima uwe mwembamba, kama sentimita 2 au 3 hivi. Hapo ndipo shida huanza. Simiti ukiifinya ni ngumu, lakini ukiivuta hupasuka upesi. Dawa yake ni waya wa kuku na vyuma vyembamba, tabaka juu ya tabaka, halafu simiti ishindiliwe mpaka kusibaki nafasi ya hewa. Waya ukiachwa wazi, maji huufikia, kutu huingia, na ukuta hubanduka.

Sasa tofauti. Maji ya ziwa husukuma mashua kutoka nje. Maji ya tangi husukuma ukuta kutoka ndani, na nguvu nyingi iko chini. Ndiyo maana waya wa kuzungushia tangi hukaribiana zaidi kule chini.

Kenya ilijifunza jambo hili kwa hasara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, matangi mengi yalijengwa mashambani kwa kupaka simiti kikapu kikubwa cha fito, mfano wa ghala la nafaka. Bei ilikuwa nafuu. Baadaye fito zikaoza, mchwa wakala, na ukuta ukabaki bila kitu cha kuushika. Jasho la akina mama likapotea. Fundi akiwaambia fito zitatosha badala ya waya, mkatalieni.

Kabla ya kutoa pesa, angalieni haya:

1. Ardhi. Lita 1,000 za maji ni tani nzima. Msijenge juu ya takataka zilizofukiwa wala ukingoni mwa mtaro. Na mwenye ploti akubali kwanza.

2. Mchanganyiko. Karai 1 ya simiti kwa 3 za mchanga safi, usio na udongo. Mfuko wa kilo 50 usipewe zaidi ya lita 25 za maji. Uji mwepesi ni rahisi kupaka, lakini ukikauka huacha vitundu na tangi huvuja.

3. Kulowesha. Funikeni ukuta kwa magunia na mmwagilie maji kila siku kwa wiki 3. Hapa ndipo vikundi vingi hukosa subira.

4. Mvua ya kwanza imwagwe, kwani huosha vumbi na uchafu wa mabati.

Faida iko. Mabati ya chumba cha futi 10 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea karibu lita 90. Hiyo ni mitungi minne ya lita 20 na zaidi, ambayo mama hatainunua siku hiyo. Pangeni zamu ya kulowesha ukuta kabla hamjanunua mfuko wa kwanza. Haraka haraka haina baraka.