Siku ya Kwanza ya Safari: Bibi na Chupa ya Maji

Kila Desemba familia nyingi huondoka Dar es Salaam alfajiri kuelekea Moshi, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, bibi akiketi nyuma pamoja na wajukuu. Siku hiyo bibi hukataa maji. Sababu haitaji: anaona haya kuomba gari lisimame ili ajisaidie. Wazee wengine huacha hata kidonge cha shinikizo la damu kinachoongeza mkojo.

Hisia ya kiu hupungua uzeeni. Asisubiriwe aombe, isipokuwa aliyepangiwa kiasi na daktari. Kukaa zaidi ya saa nne bila kunyoosha miguu huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Dereva asimame kila baada ya saa mbili, aseme ni kwa ajili ya watoto. Bibi atashuka nao. Hata siku kadhaa baada ya kufika, mguu mmoja ukivimba na kuuma, apelekwe hospitali bila kusubiri.